Kutwaa, Kuchukua na Kivuli cha 'Take': Kiswahili cha Kuze Mbele ya Kitenzi cha Kiingereza

Katika Kuze, mmojawapo wa mitaa ya kale ya Kisiwa cha Mombasa, mtoto anyoshewapo na bibi yake sahani ya mahamri huambiwa, "Twaa." Akiagizwa aifikishe sahani hiyo nyumba ya pili, huambiwa, "Mtukulie mamako mdogo." Hivyo ni vitendo viwili, navyo vina vitenzi viwili. Cha kwanza ni cha mkono: kitu kinatoka katika miliki ya mmoja na kuingia katika miliki ya mwingine, ijapokuwa kwa kitambo kidogo. Cha pili ni cha mwili mzima: kitu kina uzito, na uzito huo una mtu wa kuuhimili kutoka hapa hadi pale. Mwingereza aliye katika hali hiyo hiyo hutosheka na kitenzi kimoja, 'take', akakitumia mara mbili. Tofauti hii ndogo ndiyo inayochunguzwa katika makala haya, kwa sababu imeanza kufutika katika Kiswahili kiandikwacho na kisemwacho nchini Kenya, na kufutika kwake kunapita bila ya kuonekana hata na wale ambao kazi yao ni kuona.

Si jambo geni kwa Mombasa kupokea maneno ya watu wengine. Meza na leso ni za Wareno. Gereza nalo ni lao, ingawa kwao lilikuwa kanisa. Duka na gari zimetoka Bara Hindi, stima na baskeli zimetoka kwa Waingereza, na maneno ya Kiarabu hayana idadi. Hapana mzee wa Kuze aonaye haya kuyatamka. Nomino ya kigeni huingia kwa mlango wa mbele, imevaa nguo za kwao. Kila mtu huiona, huipa ngeli yake, na baada ya kizazi kimoja huwa mwenyeji. Wahakiki wengi wa lugha wamepoteza wino mwingi katika kuzihesabu nomino hizo na kuzilalamikia. Lakini iko namna nyingine ya ukopaji ambayo haibishi hodi. Neno hubaki lile lile la Kibantu, na sauti zake na viambishi vyake vyote, ila maana iliyomo ndani yake imebadilishwa kwa kipimo cha neno la lugha nyingine. Wanaisimu huiita tafsiri mkopo. Msikiaji hasikii chochote cha kigeni, basi naye hana la kulalamikia.

Kitenzi 'take' kinafaa kuwa mfano, kwanza kwa sababu kinatumika kupita kiasi katika Kiingereza, na pili kwa sababu chenyewe si mwenyeji wa Kiingereza. Waingereza wa kale walisema 'niman', neno la ukoo mmoja na 'nehmen' la Kijerumani. Watu wa Skandinavia waliovamia kisiwa hicho, na kuanzia karne ya 9 wakakaa mashariki na kaskazini yake, walikuja na 'taka' la kwao. Baada ya karne kadhaa 'taka' likawa 'take', na 'niman' likatoweka katika usemi wa kawaida. Lililobaki ni vipande, kama vile neno la Kiingereza la kufa ganzi, 'numb', ambalo asili yake ni hali ya kiungo kilichotwaliwa. Kwa hivyo kitenzi kinachowasukuma wenzake leo katika Kiswahili kilikwisha kuifanya kazi hiyo nyumbani kwao.

Yafaa kufahamu tabia ya kitenzi hiki kabla ya kulaumu lolote. 'Take' hakina rangi yake mwenyewe. Rangi hupewa na nomino inayokifuata. Mwingereza hutumia kitenzi hicho hicho kwa chai, kwa basi, kwa picha, kwa dawa, kwa kiapo, kwa mtihani, kwa kiti, kwa wakati, na kwa uhai wa mtu. Kiswahili kimezoea mwendo wa kinyume. Aghalabu kitenzi chake ndicho kinachoeleza namna ya tendo, na nomino hufuata. Chai hunywewa. Basi hupandwa. Picha hupigwa, kama vile chapa na muhuri zipigwavyo. Mtihani hufanywa, kiti hukaliwa, simu hupokewa, na fedha za kurudishwa hukopwa, neno moja tu likatosha pasipo haja ya kusema kwamba mtu "alichukua mkopo".

Dawa inahitaji kusimamiwa kidogo. Katika Mji wa Kale dawa hunywewa hata ikiwa ni kidonge kikavu, na mgeni huweza kuona ajabu. Pengine ajabu hiyo itapungua akikumbuka kombe: aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji, na mgonjwa akanywa. Dawa za miti nazo huchemshwa zikanywewa. Yamkini kidonge kilipokuja kilikuta kitenzi kimekwisha kukaa mahali pake. Asemaye leo "chukua dawa mara tatu kwa siku" hakukosea sarufi, lakini ameitoa dawa katika historia hiyo yote. Tena ameacha shaka. Mgonjwa aliyeambiwa achukue dawa ameambiwa aitie kinywani, au aende dirishani akapewe aondoke nayo? Kwa Mswahili wa Kuze maana ya pili ndiyo iliyo karibu, na katika jambo la dawa shaka si kitu cha kuchezea.

Kiapo nacho huliwa. Kitenzi "kula" katika Kiswahili kina upana wake wenyewe, upana ambao haukutokana na Kiingereza: mtu hula kiapo, hula njama, hula hasara, na mwenye cheo hula rushwa. Hapa panaonekana wazi hasara ya kumfuata Mwingereza. Ikiandikwa kwamba ofisa fulani "alichukua hongo", yasikika kana kwamba hongo ilikuwa mezani, akaiweka mfukoni, na kesho yaweza kutolewa. Ikisemwa "alikula", msomaji anajua kwamba imekwisha shuka tumboni na haitarudi. Kiswahili kilikuwa kimetoa hukumu ndani ya kitenzi, na tafsiri ikaifuta hukumu hiyo kwa jina la adabu ya habari.

Jambo hili ni zito zaidi katika siasa na historia. Kiingereza husema kwamba watu fulani 'took power', na mfasiri huandika "walichukua madaraka". Walipewa na wapiga kura? Waliyashika baada ya mwingine kustaafu? Waliyanyakua usiku kwa bunduki? Kiswahili kina kitenzi kwa kila njia, na mwenye kuandika kwa Kiswahili alilazimika kuchagua, na kwa kuchagua alilazimika kushuhudia. "Walichukua" humwondolea ushahidi huo. Historia ya Mombasa yenyewe ni historia ya kutwaliwa: Waomani waliitwaa Ngome kutoka kwa Wareno mwaka 1698, na Seyyid Said akautwaa mji kutoka kwa Mazrui mwaka 1837. Mji hutwaliwa, hauchukuliwi, kwani hapana mabega ya kuuchukua. Wanasheria wa Tanzania wamelihifadhi neno hili mahali linapostahili, pale wanapozungumza juu ya utwaaji wa ardhi. Na jambo la kufurahisha ni kwamba mlinzi mwingine wa "twaa" katika zama hizi ni mwandishi wa kandanda. Timu hutwaa kombe, hutwaa ubingwa, hutwaa taji. Hao wanaodharauliwa na walimu kwa Kiswahili chao cha uwanjani wameyatunza matumizi ambayo vitabu vya shule vimeyaacha yachakae.

Hapana budi hata hivyo kuepuka kosa la upande wa pili, ambalo ni kuona Kiingereza nyuma ya kila "chukua". "Kazi hii ilichukua siku tatu" husemwa kuwa ni Kiingereza kitupu, na katika orodha za makosa watungazo walimu haikosekani. Ni kweli kwamba mzee wa Kuze hupenda kusema "kazi hii yataka siku tatu", au "ilikwenda siku tatu". Lakini "chukua" ya Kiswahili tangu zamani ina maana ya kuenea, yaani chombo kuwa na nafasi ya kitu. Mtungi huchukua vibaba kadhaa. Jahazi lililotia nanga Bandari ya Kale huulizwa lachukua magunia mangapi. Kutoka jahazi kuchukua magunia hadi kazi kuchukua siku si safari ndefu, na lugha ingeweza kuifika bila ya msaada wa mtu. "Kuchukua hatua" pia kumekwisha kukaa, na kukung'oa leo ni kujisumbua bure. Hatua si mzigo, lakini hakuna kitenzi kingine kilichofukuzwa ili hiyo iingie. Mhakiki apaswa kuuliza swali hili kila mara: ni nani aliyetolewa kitini? Katika "chukua hatua" hakutolewa mtu. Katika "chukua picha", "chukua matatu", "chukua kiapo" na "chukua dawa", ametolewa mwenyeji aliyekuwa akiifanya kazi vizuri zaidi.

"Kuchukua nafasi" nako si kwa namna moja. Pakiandikwa "mkutano ulichukua nafasi katika ukumbi", msomaji aliyekulia Pwani ana haki ya kufikiri kwamba mkutano ulikuwa mkubwa hata ukaujaza ukumbi. Mfasiri alikusudia tu kwamba ulifanyika. Naye aliyeandika kwamba naibu "alichukua nafasi ya" mkubwa wake hakutueleza kama alimrithi, alimkaimu, au alimpokonya.

Hata "nikupokee" inaelekea njia hiyo. Mgeni aingiapo nyumba ya Kuze na mfuko mkononi, mwenyeji hunyosha mkono akasema, "Lete nikupokee." Kitenzi hicho kina heshima ndani yake, kwa kuwa anayepokewa ni mtu kwanza, mzigo baadaye, ndiyo maana yambwa ya kitenzi ni mgeni na wala si mfuko. Kijana aliyesoma husema, "Nichukue mfuko wako?" Maneno ni ya Kiswahili, na adabu yake ni ya hoteli.

Sasa yapasa kurudi kwa "twaa" na "chukua" wenyewe, kwani huenda mtu akauliza: je, tofauti hii ya Kuze ni ya asili kweli, au ni mazoea ya mtaa mmoja? Ulinganisho na lugha za jamaa unatoa jibu lisilotarajiwa. Kiganda kina "okutwala", kupeleka au kuondoka na kitu, na Kinyarwanda kina "gutwara", kubeba na pia kuendesha chombo. Mzizi ni ule ule uliozaa "twaa" ya Waswahili, ambayo imeiangusha ile "l" ya katikati kama ilivyo desturi. Katika lugha za jamaa, basi, mzizi huu una mzigo. Kwa Waswahili "twaa" imeutua mzigo huo ikabakia na mkono tu, na kazi ya mzigo ikashikwa na "chukua", au "tukua" kama wasemavyo Wamvita kwa ile t itamkwayo menoni. Watu waliozoea "chukua" nao wameanza kuipa kazi ya mkono, na mzigo ukahamia kwa "beba", ambacho zamani kilihusu hasa mtoto wa mgongoni. Leo gari hubeba abiria na meli hubeba shehena, wala hakuna akumbukaye mtoto. Tazama mnyororo ulivyo: kila kitenzi cha mzigo hatimaye huwa kitenzi cha mkono, na mwingine huitwa kuubeba mzigo.

Mtu aweza kutumia ushahidi huu kuwanyamazisha wazee wa Kuze. Ikiwa "twaa" yenyewe ilibadilika, kwa nini "chukua" isibadilike? Na ikiwa "beba" yupo, kuna hasara gani? Hoja hii ina nguvu, na wale wanaotetea lahaja kwa machozi tu hawawezi kuijibu. Jibu halimo katika mzigo wa mabegani. Huo utabebwa, na hamali wa mkokoteni hatakosa kitenzi. Jibu limo katika mizigo isiyoonekana.

"Chukua" kwa kuwa ni kitenzi cha uzito kilizaa ukoo mzima wa maana za kuvumilia na kuhudumia. Mtu husifiwa kwamba anachukua wazee wake, yaani anawalisha na kuwatunza. Mwanamke huchukua mimba. Mtoto akikosa, mkubwa huambiwa, "Mchukulie, angali mdogo," yaani mvumilie, beba nawe sehemu ya udhaifu wake. Nguo iliyomkaa mtu vizuri husemwa imemchukua. Na katika nyumba ya arusi, somo na wakubwa wa ukoo wanapowausia wawili wanaooana, neno ambalo halikosekani ni "mchukuliane". Mnyambuliko huo ni wa ajabu kwa ufupi wake: mzizi ni wa mzigo, kauli ya kutendea inaingiza ya kwamba mzigo ni wa mwenzio, na kauli ya kutendana inaufanya uwe wa pande zote mbili. Kiarabu kilileta "stahamili" na "himili", zenye asili moja na "hamali", nayo maana yake imesafiri njia ile ile kutoka mgongoni mwa mchukuzi hadi moyoni mwa mvumilivu. Lakini "mchukuliane" haihitaji elimu ya Kiarabu. Mtoto aliyeagizwa kumtukulia sahani mama yake mdogo anayo malighafi yote ya kuielewa.

Anayo, madhali "tukua" kwake bado ni mzigo. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba "chukua" ni 'take' ataisikia "mchukuliane" kwa maana moja tu iliyo wazi kwake, nayo ni kwamba kila mmoja atwae vitu vya mwenzake. Maana hiyo ipo katika sarufi, kwa sababu "amenichukulia kalamu yangu" ni usemi sahihi. Ataweza kufundishwa kwamba "chukuliana" ni "vumiliana", kama afundishwavyo nahau ya kukariri, ila uhai wa neno utakuwa umetoka. Neno ambalo maana yake hukaririwa badala ya kuonekana ni neno linaloelekea kaburini. Wala "beba" haikurithi ukoo huu. Isikilizwe mitaani: "kubebwa" kumekuwa kupendelewa pasipo haki, timu kubebwa na mwamuzi, mvivu kubebwa na jamaa yake aliye ofisini. Mzigo wa "chukua" uligeuka subira. Mzigo wa "beba" umegeuka upendeleo. Hivyo kusema kwamba "beba" yupo hakutoshi.

Kuhusu "tuchukulie kwamba", ambayo imejaa katika vitabu vya hisabati na insha za vyuo, inatosha kusema kwamba ni "mchukulie" ile ile iliyonyang'anywa subira yake na kupewa kazi ya kudhania. "Tuseme" na "natuone kwamba" zilikuwapo.

Yako pia matumizi yenye uzito wa imani. Habari huandika kwamba ajali "ilichukua maisha" ya watu kadhaa. Katika Kuze, kama katika miji mingi ya Pwani, afapo mtu husemwa kwamba Mwenyezi Mungu amechukua amana yake. Hapa "chukua" ni mahali pake hasa: amana iliwekwa kwa mtu, mwenyewe amekuja akaondoka nayo. Kitenzi kinachukua tendo zima la mwenye mali kurudi. Ajali haikuweka amana kwa mtu, wala basi lililopinduka halina mali katika roho za abiria. Mfasiri hakukusudia kulipa basi cheo hicho, na huo ndio ubaya wa tafsiri mkopo: husema mambo ambayo hakuna aliyekusudia kuyasema.

Lawama iende wapi? Si kwa mfasiri wa chumba cha habari, ambaye hupewa taarifa ya Kiingereza saa moja kabla ya kusomwa, na ambaye kitenzi cha kwanza kimjiacho ni kile kilichofungwa na 'take' tangu akiwa shuleni. Sehemu kubwa ya lawama ni ya namna ya kamusi zetu. Kamusi ya Krapf, iliyochapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, ilikusanya kwa wingi Kiswahili cha Mombasa, lakini ilikusudiwa msomaji wa Kiingereza. Ndivyo zilivyokuwa za Madan mwanzoni mwa karne ya 20 na ya Johnson ya mwaka 1939. Kazi hizo ni kubwa, na hakuna mwanafunzi wa Kiswahili asiye na deni kwao. Ila kamusi ya lugha mbili ina kasoro ya kimaumbile. Ili kumfaa Mwingereza, huanza na neno lake, ikaweka mbele yake neno moja au mawili ya Kiswahili, kisha ikafuata mifano. Msomaji mwenye haraka huchukua lile la kwanza akafunga kitabu. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili yenye cheo cha kitaifa haikupatikana hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI mwaka 1981, na kufikia hapo vizazi viwili vilikuwa vimejifunza lugha yao kwa kupitia dirisha la jirani.

Sehemu nyingine ni ya historia ya usanifishaji. Mkutano ulioamua mwaka 1928 kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa kwenyewe, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Kwamba "tukua" iandikwe "chukua" halikuwa jambo la kuliliwa; tahajia moja ilihitajika, na Kiunguja nacho kilikuwa na "twaa" na "chukua" zake zikitofautiana vizuri. Hasara ilikuja kwa njia ya pembeni. Kwa kuwa Kimvita kiliondolewa darasani, mtoto wa Kuze aliyeandika "akatwaa kalamu" aliweza kusahihishwa kuwa anatumia lugha ya kale au ya lahaja, ilhali neno hilo limejaa katika Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 na halikutoka katika kamusi yoyote ya sanifu. Mtaala wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la mtihani nchini Kenya, jambo la kushukuriwa. Lakini mtihani hupenda jibu moja, na "chukua" ndiyo iliyokuwa karibu.

Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, alionyesha njia iliyo bora kuliko orodha za "usiseme hivi, sema hivi". Yeye aliwaendea mabaharia, maseremala, wavuvi na wanawake wa nyumbani, akauliza vitu vinaitwaje, na palipokosekana neno akaliunda kwa malighafi ya humo humo. Kazi yake inayojulikana zaidi ni ya majina ya vitu, na "runinga" ni ushahidi kwamba yaliweza kufika mbali. Vitenzi havikupata mkusanyaji wa namna hiyo. Ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu kitu huonyeshwa kwa kidole na tendo halionyeshwi. Mzee akiulizwa ghafla maana ya "twaa" atajibu kuwa ni "chukua", na mtafiti ataondoka akiamini kwamba tofauti haipo. Sharti asikilize, asiulize. Akae msibani, sokoni Marikiti, jikoni siku ya arusi, na bandarini jahazi lipakuliwapo, aandike kila kitenzi pamoja na yambwa yake.

Kwa upande wa mzigo peke yake atakuta mengi: kumtwika mtu, kujitwika, kutua, kupagaa begani, ambako "mpagazi" alitoka, kumweleka mtoto kwa mbeleko, kupakia, kupakua, kushehenisha. Atakuta kwamba kila kimoja kina kitu chake na kiungo chake cha mwili, na kwamba "tukua" imekaa katikati yao kama jina la ukoo. Kidahizo cha "chukua" katika kamusi ijayo kianzie hapo, kwenye mzigo. Kifuate na jahazi na magunia yake, na siku tatu za kazi ziwekwe chini ya jahazi. Kisha wazee wanaochukuliwa na watoto wao, mtoto anayechukuliwa kwa udogo wake, na maarusi wanaochukuliana. Maana ya 'take' iingizwe mwishoni, ikiwa na alama ya kuonyesha ilikotoka, na kando yake msomaji aelekezwe atazame "twaa".